Ubao wa Manahodha

Mgeni huuliza: manahodha wa meli gani?
Namjibu, hapana meli. Ni watu waliosimama uwanjani
wakaamua nani arushe, nani alinde karibu na mwamba,
na saa ngapi mechi ivunjwe
visubi wakipanda kutoka ziwani kama moshi.

Mimi mwandishi wa vibao, Igogo, jirani na reli.
Kinyozi, duka la dawa, USIKOJOE HAPA FAINI 50,000,
vyote vimepita mkononi mwangu.
Ila huu wa Klabu ya Kriketi ya Ghuba
hunilipa kidogo, nami nauogopa.

Juu kabisa, 1937, Vithaldas Kotecha,
mwenye kinu cha pamba, aliyecheza na koti,
na hakuwahi, wanasema, kukimbia mbio mbili
pale moja ingetosha.
Kisha D'Mello wa posta.
Kisha Gulamali, Gulamali, Gulamali,
hata rangi ya dhahabu ikaisha kwa jina moja.
Kisha Gurbax Singh, fundi wa garimoshi,
aliyevunja kioo cha benki na kukilipia akicheka.

1954 pamekwanguliwa.
Ukipita haraka huoni kitu. Mimi hupita na vidole:
kuna R, kuna mguu wa L, kuna tundu la ncha ya kisu.
Ratilal Somaia.
Jina nililipata kwa babu, siyo kwa kamati.

Jumapili ile mtu wa kumi na moja alikunjwa na homa.
Wageni wa Musoma walikwisha kunywa chai.
Ratilal akatazama huku, akatazama huku,
akamwona kijana wa kutandika mkeka na kuvuta jiwe,
Nkwabi, miaka kumi na mitano, pekupeku.
"Wee ngosha. Chukua gongo."
(La kupigia. Lile lingine lilikuwa kwetu, Igogo.)
Vikombe vikabaki hewani.
Korongo peke yao, wamesimama mpakani
kama waamuzi wasiolipwa, hawakushangaa.

Mpira wa kwanza ulimpiga goti.
Wa pili aliusikia tu.
Wa tatu alikutana nao njiani, akautuma
juu ya mwamba, juu ya vichanja vya dagaa, majini.
Sita.
Wa nne ukamng'oa vijiti vyote vitatu,
na Ghuba wakafungwa kwa mbio mbili.

Jumatatu kamati ikakaa.
Jumanne seremala akaja na kisu.
Ratilal alihamia Bukoba kwenye kahawa, hakuandika barua.
Babu akarudi kwenye jiwe lake.

Halafu 1972 hadi 1980, mstari mtupu.
Nyumba zilibadili wenyewe, masanduku yalishapanda meli,
hapakuwa na nahodha wala wa kuongozwa.
Mkeka ulianikiwa dagaa.
Lakini alfajiri jiwe lilisikika likiviringika,
guu, guu, guu, hadi jua litoke nyuma ya Bugando.
Bibi akamuuliza, unamtengenezea nani?
Akasema: nyasi hazijaambiwa.

Alhamisi katibu amenipigia simu.
Nahodha mpya ni Malunde Shigela, mwalimu wa hesabu,
mtumia kushoto, kijana mzuri, sina neno naye.
"Ubao umejaa. Muweke pale 1954, pana nafasi."
Nikamwambia rangi haishiki penye makwaruzo.
Ni uongo. Rangi hushika popote ukipiga msasa.
Akasema basi, tutatafuta ubao wa pili, hela ikionekana.
Hela haijaonekana.

Nimefunga mlango wa klabu kwa ndani.
Kunanuka mvua inayovuka kutoka Ukerewe.
Brashi namba mbili, ile ya herufi nyembamba.
Nimeanza na R.

Babu simwandiki. Hakuwa nahodha, angenicheka.
Ila nukta baada ya Somaia
imetoka kubwa kuliko zote ubaoni, mviringo kabisa.
Wakiniuliza nitasema brashi iliteleza.